Chupa ya Mama Mkwe

Ilala, Dar es Salaam
12 Aprili 1975

Mume wangu Nassibu,

Barua hii nimempa mama mwenyewe, kwa hiyo ukiisoma ujue kafika. Hakukupa mkononi, hilo nalijua bila kuambiwa. Ameiweka juu ya kinu, akakohoa, akaingia ndani, nawe ndipo ukatoka nyuma ya nyumba kuja kuichukua. Tangu baba afariki tukahamia kwake hapo Ng'ambo mnakaa ua mmoja, na mpaka leo sijawasikia mkisemezana zaidi ya salamu, tena kila mtu anaangalia kwake. Heshima ya ukwe naijua, nimelelewa nayo. Lakini nyinyi wawili mmezidi.

Amekaa kwangu wiki mbili. Bahari ameiona mara moja, akasema maji yote hayo halafu hayanyweki, ni uchoyo mtupu. Muda wake wote umeishia uani, kwenye pipa la maji, ananifulia hata nguo safi na kupigana na mbu. Nilimwambia mbu wa huku wanauma mchana, aingie ndani. Akajibu hakutoka Tabora kuja kufungiwa kama mwali.

Leo anasema kichwa kinamgonga. Nadhani ni makelele ya mji. Akifika mpeni uji alale. Mwombe jirani yetu Apolinaria amhudumie, maana wewe hata kikombe chake huwezi kukishika.

Na Koleta muuza vitumbua asimsogelee. Watani hawana adabu. Siku mama anaondoka huko Tabora alimfuata mpaka stesheni, akamwambia mbele za watu, "Mnyamwezi, ukifia pwani kanga zako ni zangu." Waluguru na mdomo wao! Mama alicheka mpaka akakaa chini, lakini sasa kachoka. Mtihani wangu wa kupiga chapa ni wiki ya kwanza ya Mei. Niombee.

Wako,
Batuli


Ng'ambo, Tabora
16 Aprili 1975

Mke wangu Batuli,

Barua nimeikuta juu ya kinu. Sina la kuongeza hapo.

Mimi ni mzima. Kazi kule ghalani ni ileile, wafuga nyuki wanaleta madebe ya asali, mimi napima, wao wananiambia mizani yangu ina roho mbaya. Mvua zinakaribia kwisha. Kule shambani Itetemia mahindi yamesimama vizuri.

Mama ameshuka kwenye treni na homa. Macho mekundu, anasema yanauma hata akiyageuza, na mifupa yote inamvunjika. Apolinaria anasema malaria. Zahanati nao wamesema malaria, wakampa vidonge vya klorokwini. Mimi nikanunua aspirini dukani, anameza asubuhi na jioni, zinamtuliza vizuri. Kila kitu napitishia kwa Apolinaria. Mimi nakaa kibarazani, nasikiliza tu anavyogeuka kitandani. Usihangaike na sisi, shika mtihani.

Koleta nimemfukuza kama ulivyotaka. Alikuja na bakuli tupu, anasema amekuja kugawiwa urithi. Nikamwambia hapa kuna mgonjwa, si mahali pa mchezo. Akanitazama sana, akasema, "Haya. Utaniita mwenyewe." Akaenda zake.

Mumeo,
Nassibu


Ng'ambo, Tabora
18 Aprili 1975

Batuli,

Fupi tu, treni ya barua inaondoka. Homa imekatika! Mama ameamka leo hana joto hata kidogo, ameomba mlenda. Tumechinja jogoo. Apolinaria anaimba huko jikoni. Usiku nitalala kama mtu, tangu aje sijalala.

Nassibu


Ilala
19 Aprili 1975

Mume wangu Nassibu,

Yako ya tarehe kumi na sita nimeipata asubuhi hii, nami nimeshika kalamu papo hapo. Mwandiko usiushangae, naandikia gotini.

Humu ndani watu wanne wamelazwa chini na homa hiyohiyo ya mama. Macho, mifupa, yote. Bi. Sultana mwenye nyumba wangu ni mtu wa pwani wa siku nyingi, akasema hii si malaria hata kidogo, ni kidinga popo. Mbu wa mchana ndio wanaoieneza. Hospitali wamemkubalia, wao wanaiita dengi. Dawa yake hakuna. Ni maji, uji, kupumzika.

Sasa nisikilize. Aspirini ni mwiko. Inazuia damu isigande, na ugonjwa huu wenyewe unatoa watu damu. Zitupe. Na homa ikikatika msishangilie. Daktari wa huku amesema siku homa inaposhuka ndiyo siku ya kuogopa. Mtazameni fizi kama zinatoa damu. Tumbo likimuuma, mikono ikiwa ya baridi, mkojo ukipungua, msingoje hata uji uive. Mkimbizeni hospitali na mwonyeshe daktari barua hii.

Nassibu, umenisikia? Siku homa inaposhuka.

Batuli


Ng'ambo, Tabora
23 Aprili 1975

Mke wangu,

Barua yako ya tarehe kumi na tisa nimeisoma jana nimeegemea ukuta wa wodi ya wanawake. Nilipofika pale pa siku homa inaposhuka, nikachuchumaa hapohapo.

Ile barua ya jogoo ilikuwa ya kweli siku ile niliyoiandika. Kesho yake mchana mama alishika tumbo. Kabla ya alasiri mikono yake ilikuwa baridi na fizi zinatoa damu. Apolinaria akapiga kelele. Tukamfikisha hospitali. Alipopata nafuu ya kusema, neno lake la kwanza kwa Apolinaria lilikuwa, "Batuli asiambiwe mpaka amalize mtihani." Nami nilikubali, nikanyamaza. Barua yako imenishinda. Siwezi kukuficha huku wewe ndiye unayejua kuliko sisi.

Nilimpa Daktari Badrudin aisome. Ni yule mtoto wa duka la vitambaa pale sokoni, siku hizi ndiye daktari wa wodi. Aliisoma mara mbili. Akaniuliza habari ya aspirini, nikamwambia ni mimi niliyempa. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Damu imeacha kutoka. Dripu zimemrudishia nguvu. Ila sasa kuna jingine, nalo ndilo zito. Siku ile alipokuwa baridi, damu haikuwa na nguvu ya kufika kwenye figo, na figo zimelala. Hakojoi, Batuli. Maji yanaingia, hayatoki. Uso umevimba, miguu imevimba. Daktari anasema maji yakizidi yatapanda mapafuni na hapo hatakuwa na la kufanya. Mashine ya kusafisha damu Tabora haipo, na hata huko kwenu hana hakika. Kwa hiyo wamemnyima maji. Anapewa maji ya kikombe kidogo cha kunywea kahawa, asubuhi na jioni, basi, na anaomba maji kama mtoto.

Tumaini lipo. Daktari anasema figo zilizolala namna hii mara nyingi huamka zenyewe. Lakini lazima tujue siku zinapoamka, maana siku hiyo mambo yote yanageuka. Leo maji ni adui yake. Figo zikiamka zitamwaga ovyo bila kipimo, na hapo maji ndiyo yatakuwa dawa, akinyimwa atakauka afe. Tutajuaje? Kwa chupa. Wamemwekea chupa kubwa ya kioo yenye mistari, kila haja ndogo imiminwe humo ionekane.

Wauguzi ni wachache, wanataka ndugu wa mgonjwa aisimamie. Ndugu aliyepo mjini ni mimi. Apolinaria anamsaidia kwenye bakuli la haja na kumimina. Mimi nimemwomba muuguzi aiweke chupa chini ya kitanda upande wa mlangoni, ili niione bila kuingia. Kila jioni nasimama mlangoni, naamkia, natazama chupa, naenda kumwambia daktari. Mpaka leo ni tupu.

Nassibu


Ilala
26 Aprili 1975

Nassibu,

Nimekasirika na sina wa kumkasirikia. Wewe ulinunua aspirini, mimi nilimwacha mama siku nzima kwenye pipa lile. Tugawane.

Usiniambie nije. Natamani nipande treni leo, ila sitaweza kusafiri sasa hivi, na usiniulize sababu. Mtihani sio. Mtihani naweza kuutupa.

Unaniandikia kama karani. Mama kavimba, chupa tupu, daktari kasema. Niandikie kama mume wangu. Mama ana sura gani? Anasema nini ukimwamkia? Anageukia wapi? Na Apolinaria yule mwembamba kama ufagio alimfikishaje mama hospitali siku ile? Niandikie kila kitu hata kisichopendeza, nipate kumwona kutoka huku.

Leo nimekaa tu. Kila nikinywa maji namkumbuka yeye na kikombe chake.

Batuli


Ng'ambo, Tabora
29 Aprili 1975

Mke wangu mpenzi,

Haya, kila kitu.

Habari ya kufikishwa hospitali iache. Alifika.

Kitanda chake ni cha pili kutoka mlangoni. Amelala juu ya shuka la hospitali, amejifunika kanga yake ya zambarau mpaka kidevuni. Jioni nafika, nasimama kizingitini, nainamisha kichwa, nasema shikamoo mama. Zamani alikuwa ananijibu marahaba. Siku hizi anageukia ukutani, anavuta kanga mpaka usoni. Nadhani amenichukia kwa ajili ya zile aspirini, na ana haki. Nachungulia chupa. Tupu. Apolinaria anatazama chini. Naondoka.

Kuna jambo silielewi, na daktari naye halielewi. Uvimbe unapungua. Juzi miguu ilikuwa kama magogo, leo vifundo vinaonekana. Uso umerudi, tena umezidi kurudi, mashavu yameingia ndani. Ulimi mkavu, midomo imepasuka. Daktari Badrudin ameniuliza kama Apolinaria amesahau kumimina. Nikamwuliza Apolinaria, akaapa kwa jina la Maria kwamba hakuna kitu. Daktari akasema basi maji yamekwenda wapi, mimi sijaona hivi. Hathubutu kumwongezea maji chupa ikiwa tupu, anaogopa mapafu.

Amekata shauri. Treni ya Jumatatu tarehe tano, mama aletwe huko kwenu kwa madaktari wakubwa. Muuguzi mmoja mkongwe alinivuta pembeni, akasema, "Baba, kwa hali ile, usiku na mchana kwenye treni, jiandaeni." Nimekwenda kuzungumza na shehe. Sikutaka kukuandikia hilo, lakini ulisema kila kitu.

Batuli, mimi mama yangu alikufa nikiwa sijaota meno. Huyu tusiyesemezana naye ndiye niliye naye. Kila siku kwa miaka yote hii nikirudi ghalani nakuta maji ya kunawa kibarazani, ameyaweka na kuondoka kabla sijaingia. Tangu alazwe sijanawa pale.

Nassibu


SIMU YA MAANDISHI
DAR ES SALAAM 2 MEI 1975

NASSIBU GHALA LA ASALI TABORA

MAMA ANAKOJOA ANAMWAGA KWA AIBU YAKO. ONDOKA MLANGONI. MWITE KOLETA APIME. MWAMBIE DAKTARI LEO. ASISAFIRISHWE.
BATULI


Ng'ambo, Tabora
4 Mei 1975

Batuli, Batuli,

Keti kwanza.

Simu yako imefika juzi saa nane mchana. Karani wa posta alinisomea kwa sauti, na foleni yote nyuma yangu ikasikia kwamba mama mkwe wangu anamwaga mkojo kwa aibu yangu. Sikujali. Nilisimama pale kama nimepigwa kibao, halafu nikaona kila kitu. Mimi mpumbavu ndiye niliyeomba chupa iwekwe upande wa mlangoni, nikadhani nafanya heshima. Heshima gani? Mama mzima, mkojo wake uwe wazi kwenye kioo, na mkwewe wa kiume kila jioni anakuja kuuchungulia! Angeanzaje? Hata mimi ningemwaga.

Nilipitia stesheni mbio. Koleta alikuwa anageuza vitumbua. Hakuinua hata uso.

"Amekufa?"

"Bado."

"Sasa unaniitia nini? Mimi huitwa kwenye maiti."

Lakini alikuwa ameshaanza kuondoa karai motoni. Njiani nikamweleza. Akasimama katikati ya barabara, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akaniambia, bila utani sasa, "Mtani wangu anakufa kwa kiu, nyie mmemwekea mkwe mlangoni na mimi mkanifungia nje. Nyinyi watu mna akili kweli?" Nikatangulia mbio kuelekea hospitali.

Aliingia wodini kama amekuja kudai kodi. Mimi nilibaki nje, nyuma ya ukuta, sikuthubutu tena hata kukanyaga kizingiti. Namsikia tu. "Mwanahawa! Mabibi na mababu zako walipita kwetu na misafara, mizigo kichwani, wakila mihogo yetu na hawakuuliza ni ya nani. Leo Mluguru amekuja kukubebea mkojo. Lete. Na ukimwaga tena naumimina kwenye kanga zako, na kanga ninavaa hivyohivyo."

Halafu Batuli, nikamsikia mama anacheka. Sauti kavu, inakwaruza, lakini ni yeye. Apolinaria ndiye aliyelia. Akasema yote hapohapo: kwamba kwa siku kadhaa sasa mama alikuwa anakojoa vizuri tu, tena sana, yeye anapeleka bakuli chooni chini ya kanga, maana mama alimwapisha. Nadhani kile kiapo chake kwa Maria kitamsumbua mpaka kwa padri.

Chupa ilijaa kabla ya magharibi. Wakaleta ya pili. Koleta akatoka nayo kwenye ujia ameiinua juu, anatangaza, "Mkwe! Geukia ukutani, mali ya mama yako inapita!" Nikageuka. Nikakaa nimegeuka hata alipokwisha kupita, maana nilikuwa nalia na sikutaka watu wanione.

Daktari Badrudin alikuja anakimbia, viatu vinapiga sakafu. Akatazama chupa, akamtazama mama, akapiga paji lake. Kumbe figo zimeamka, naye alikuwa anamkausha kwa hofu yake. Dripu hapohapo, na maji ya chumvi na sukari ya kunywa. Anasema zimeamka vibaya, zinamwaga tu bila kuchuja sawasawa, lakini ndivyo zinavyoanza, zitajifunza tena. Anasema siku mbili tatu nyingine na kile kikombe cha kahawa, au ile treni, tungempoteza. Aliyasema hayo kwa utaratibu, kisha akaketi kwenye benchi kando yangu.

Leo mama amekunywa mtungi karibu wote. Ameomba mlenda tena. Chupa imehamishiwa upande wa dirishani, ina kifuniko cha kitambaa, na mwenye kuigusa ni Koleta peke yake. Tayari ameshachukua kanga ya zambarau, anasema ni haki yake na hairudishi. Safari imefutwa.

Mimi ni mzima. Leo ndiyo naweza kuliandika hilo.

Nassibu


Ilala
8 Mei 1975

Mume wangu,

Nimemsomea Bi. Sultana barua yako kwa sauti, tukafika pale pa mali ya mama yako inapita, akaanguka kitandani kwa kucheka. Halafu nikalia mimi. Halafu tukapika pilau siku ya kazi.

Unajua nilivyogundua? Ni wewe. Uliponiandikia kwamba mama anageukia ukutani, nikajua si chuki. Mama akichukia humkodolea mtu macho mpaka akaondoka mwenyewe. Kugeuka ni aibu. Nikasema aibu ya nini, mgonjwa amelala zake? Nikarudi kusoma tangu juu, nikakuona umesimama mlangoni unachungulia. Na mimi niliyekuambia Koleta asimsogelee, nikamwondoa mtu pekee ambaye mama hamwonei aibu. Watani tumepewa kwa kazi hizo. Mtani ndiye anayeweza kukuona ulivyo, akacheka, na wewe ukabaki mtu.

Sasa na langu. Nilikuambia humu ndani wamelala watu wanne. Mmoja ni mimi. Nilikuwa nakuandikia huku vidole vinauma, ndiyo maana mwandiko ulikuwa kama wa kuku. Hospitali walinikataza kusafiri mpaka damu yangu ikae sawa. Imekaa. Wewe ulinificha ya mama, mimi nimekuficha yangu, tumeoana wawili tunaofanana. Usinune.

Lile pipa tumelimwaga. Chini kulikuwa na viluwiluwi wa mbu kama punje za uwele, Bi. Sultana akawahesabu kama wapangaji wasiolipa. Sasa lina kifuniko cha bati. Mtihani nimefanya, na mashine niliyopewa ilikuwa na herufi moja iliyokwama, lakini nadhani nimepita.

Bado hujaniambia mama alifikaje hospitali. Nikirudi nitamwuliza Apolinaria, na safari hii hataapa.

Wako,
Batuli


Chumba cha uani, Ng'ambo
1 Juni 1975

Kwa mkwe wangu Nassibu,

Hii ni barua yangu ya kwanza. Naandika kwa mkono wangu. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima amesema kila mtu amwandikie mtu aliye mbali. Wenzangu wameandikia watoto wao walio Mwanza na Kigoma. Mimi mtu wangu yuko upande wa pili wa ua, lakini sijapata kuzungumza naye. Kwa hiyo yuko mbali.

Habari yangu ni nzuri. Nakula. Daktari amenipima tena damu, anasema figo zimerudi kazini. Mtihani wa kisomo ni mwezi wa nane na nitakwenda.

Nina neno moja. Siku ile ya baridi ulinibeba mgongoni kutoka hapa mpaka hospitali. Apolinaria alikuwa anakimbia nyuma na kanga. Watu sokoni wote wameona. Wewe ulidhani nimezimia. Sikuzimia. Nilifumba macho ili wewe usione haya, nikayafumba njia nzima. Nilisikia ulivyokuwa unahema. Nilisikia unaniita mama, unasema mama usife. Hukusema mkwe.

Ndiyo maana chupa ile nilishindwa. Nilikuwa nimekwisha kubebwa. Nikasema kibaki kitu kimoja ambacho kijana huyu hakukiona kwangu. Kidogo niende nacho kaburini. Koleta anasema mimi ni mjinga na safari hii si utani.

Aspirini ulinipa kwa kunihurumia. Mimi sina kinyongo. Wewe nawe usiwe nacho juu yako.

Maji yako ya kunawa yako kibarazani kama zamani. Tangu nirudi nayaweka na wewe huyagusi, yanapoa bure. Nawa.

Usinijibu kwa mdomo, nitakimbia. Andika. Weka juu ya kinu.

Mimi mama yako,
Mwanahawa